Kula samaki Lamu msimu wa kaskazi na siku za tamasha: mwongozo wa mtu aliyekosea mara nyingi

Kila mwaka ikikaribia Novemba simu yangu haipoi, huyu anauliza samaki wazuri wako hoteli gani Lamu, yule anauliza tamasha ni lini, mwengine anataka nimtumie menyu kwa simu kana kwamba mimi ndio meneja. Nimechoka kurudia, naandika mara moja. Mimi si Mwamu, mimi ni wa Mombasa, lakini shangazi yangu ameolewa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, miaka mingi na kila nnachojua kuhusu kula kisiwani nimekipata jikoni kwake au nimekipata kwa hasara yangu mwenyewe.

Neno langu ni moja tu. Ukienda Lamu usianze na hoteli, anza na bahari: upepo gani unavuma, mwezi umefika siku ya ngapi, maji yanajaa saa ngapi, na vyombo vimeingia na nini leo. Ukijua hayo utakula vizuri hata na pesa kidogo, usipojua utalipa pesa za mahari ule samaki aliyelala kwenye friji wiki nzima.

Hatua ya 1: Chagua upepo kwanza, tarehe baadae

Kaskazi inashika kuanzia Disemba hivi mpaka Machi. Joto lake si la mchezo, saa saba mchana kuta za mawe zenyewe zinatoa moto, lakini bahari imelala, vijana wanatoka mpaka nje ya miamba na mashua zao na samaki wanaingia wa kila aina, nguru, jodari, kolekole, changu, tafi, sulisuli. Kusi ndio kuanzia Aprili mpaka Septemba, mawimbi makubwa, mvua za masika zinapiga humo humo, vyombo vidogo vinabaki ndani ndani karibu na mikoko. Samaki hawakosekani kabisa ila ni wachache na muuzaji anajua ni wachache. Katikati hapo, Oktoba na Novemba, ni tangambili, upepo haujaamua, na mimi kusema kweli naipenda zaidi hio kuliko hata kaskazi yenyewe manake joto halijawa kali na bahari tayari ishatulia.

Kama kaskazi yako imegongana na Ramadhani, na mwaka 2026 imegongana manake mfungo ni Februari kuingia Machi, usije ukalalamika mchana hamna pa kula mjini. Panga siku yako igeuke, lala mchana, amka magharibi. Futari ya Lamu ukialikwa hutataka kurudi kwenu, kuna mihogo ya nazi, kuna kaimati, kuna mtuzi wa samaki, na nyumba moja inapelekea nyumba ya pili sahani mpaka hujui tena nani kapika nini.

Hatua ya 2: Jua unakwenda sherehe gani

Watu wanachanganya sana hapa. Sherehe kubwa ni mbili na hazifanani.

Ya kwanza ni tamasha la utamaduni, hili huwa kwa kawaida Novemba. Hapo ndio kuna mashindano ya mashua, mbio za punda, kuogelea, bao pale Mkunguni mbele ya ngome, kirumbizi yaani mchezo wa fimbo, mashairi, hina. Tarehe kamili hutangazwa na kaunti, na usikate tiketi kwa kusikia tarehe ya mwaka jana, subiri tangazo la mwaka huu halafu ndio utafute chumba haraka, kisiwa ni kidogo na vyumba hujaa.

Ya pili ni Maulidi. Haya husomwa Mfungo Sita na kitovu chake ni msikiti wa Riyadha pale Langoni, aliouanzisha Habib Swaleh. Kwa vile mwezi ni wa Kiislamu kila mwaka yanarudi nyuma kama siku 11, kwa hio mwaka 2026 mwezi huo unaangukia Agosti kuingia Septemba, yaani mwisho wa kusi, si kaskazi. Na tuambizane ukweli, Maulidi ni ibada kwanza, si onyesho la watalii, vaa vizuri, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kama shida yako ni samaki basi Maulidi siyo yenyewe. Chakula cha pale ni pilau ya nyama, sinia moja mmekaa wanne watano mnakula upande wenu, mkono wako usivuke kwa mwenzio. Tamu sana, lakini samaki utajitafutia mwenyewe.

Kwa hio mtu wa samaki na shamrashamra, chukua Novemba. Mtu wa samaki tu na kupumzika, chukua Januari.

Hatua ya 3: Kufika

Fupi hii. Kwa ndege unashuka Manda halafu boti inakuvusha. Kwa basi kutoka Mombasa unapita Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, hapo gatini unapanda boti. Ondoka mapema, ufike mchana, na ulizia hali ya barabara kabla. Mizigo yako mpe mwenye mkokoteni au punda, vichochoro vya mji wa kale havipiti gari na wewe na hilo sanduku la magurudumu mtagombana. Beba kikapu. Mifuko ya plastiki Kenya imepigwa marufuku tangu 2017 na samaki huwezi kumbeba kwenye begi la mgongo, nimejaribu, hilo begi lilinuka shombo mpaka nikaligawa.

Hatua ya 4: Soma maji

Hapa ndio wageni wengi wanapofeli, na mimi nilifeli mbele ya wakwe.

Bahari ina bamvu na ina maji mafu. Bamvu ni pale mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili zinazofuata, maji yanajaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni mwezi ukiwa nusu, maji yanatikisika kidogo tu. Pwani yetu siku za bamvu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku, halafu kila siku inayofuata ongeza karibu dakika 50. Hio hesabu iweke kichwani, itakusaidia kuliko programu yoyote ya simu.

Faida yake kwa tumbo lako ni hii: siku za bamvu maji yakitoka miamba inabaki wazi, watu wanashuka na vijiti kutafuta pweza, kwa hio mchana wa bamvu pweza ni mbichi na wengi. Wiki ya maji mafu ukiona pweza kajaa kila hoteli, jiulize katoka wapi.

Na hasara yake ni hii: tulikuwa na wageni, upande wa mke wa kakangu, nikajifanya mwenyeji nikasema nawapeleka Takwa, yale magofu yaliyoko Manda, tutakula huko chini ya miti. Siku hio mwezi ulikuwa mpevu. Nahodha akasema tutoke alfajiri au tungoje jioni, mimi nikasema hapana, saa mbili asubuhi ndio vizuri watu washakunywa chai. Nahodha alinitizama tu. Sasa Takwa unaingia kwa mlango mwembamba kati ya mikoko na maji yakitoka hapo unabaki kwenye tope. Tukabaki. Saa tatu na nusu boti imelala ubavu, jua linachoma, ukishuka tope linakufika magotini, kaa wadogo wanatoka mashimoni wanatuangalia. Tulikuwa na mahamri na mbaazi tu manake samaki wa kuchoma tulipanga kuwachoma tukifika, na barafu iliyeyuka, na mama mkwe wa kakangu hakusema neno hata moja kwa masaa manne, kimya kile nakisikia mpaka leo. Maji yalirudi mchana ndio tukaondoka, Takwa yenyewe hatukuiona.

Kwa hio nahodha akikwambia saa, hio ndio saa. Usijadiliane.

Hatua ya 5: Nenda sokoni na mapema

Soko liko ubavuni mwa ngome. Nenda asubuhi, na kama una mwenyeji mwambie mwende pamoja. Kwanza salimu, "Asalaam aleikum ami", usifike ukaanza kugusa samaki na kuuliza bei kama umetumwa na kanjo.

Kumjua samaki wa leo si uganga. Jicho limejaa na linang'aa, halijazama wala kufifia kama kioo cha bafu. Fungua shavu uangalie ndani, iwe nyekundu ya damu, ikishakuwa kahawia huyo ni wa jana au juzi. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi, shimo likibaki mwache. Halafu nusa, samaki mbichi ananuka bahari, shombo kali inakuja baadae. Siku moja nilimuuliza mzee mmoja, "Ami, huyu wa leo?" akanijibu kwa Kiamu chake, "Mwanangu, huyu hayafa sawasawa," na kweli mkia ulikuwa bado unapiga piga.

Sasa nani umnunue? Wageni wote wanakimbilia nguru na jodari kwa sababu hawana miba mingi. Sawa. Lakini ukitaka utamu wa pwani nunua tafi au changu. Tafi huuzwa mtungo, bei yake nafuu, ana miba ndio lakini nyama yake ikichomwa ina mafuta fulani huyapati kwa nguru. Simu nao, wale samaki wadogo, wakikaangwa wakakauka unawatafuna na kichwa, na ndimu na pilipili pembeni.

Kuna mambo matatu usifanye mchezo nayo. Jodari, nguru na kibua wakikaa juani wanatengeneza sumu inayowasha mwili na kufura uso, na ukimpika haitoki, ndio maana nakwambia asubuhi na umtie kivulini au kwenye barafu mara moja. Bunju, yule anaefura kama mpira, usinunue wala usipewe, huyo anaua. Na kasa, ukiletewa nyama yake na mtu yoyote kwa siri siri, kataa, ni mnyama analindwa na sheria na mnaweza kulala ndani nyote wawili.

Kaa wa kwenye mikoko mshike umpime kwa mkono, awe mzito kuliko unavyomdhania. Akiwa mkubwa lakini mwepesi ametoka kubadilisha gamba, ndani ni maji matupu. Kambamawe, yule mwenye gamba gumu wa kwenye miamba, au kaa jike akiwa na mayai chini ya tumbo mwambie muuzaji hapana, ukinunua leo mwakani utamlilia nani.

Hatua ya 6: Nani apike

Njia nzuri kupita zote, mpe mtu samaki wako akupikie. Nyumba nyingi za wageni zina mpishi au zinamjua mama wa mtaani anaepika kwa kuagizwa, unampelekea samaki na nazi asubuhi, mnakubaliana ujira, adhuhuri sinia liko tayari. Kubalianeni kabla, na mlipe vizuri, kukuna nazi kwa kibao cha mbuzi si kazi ndogo.

Kama unapika mwenyewe, hivi ndivyo shangazi anavyofanya samaki wa kupaka, nimekaa kigodani kumtizama mara kumi. Tafi au changu mzima, mpae magamba, mtoe utumbo, mchanje chale tatu kila upande mpaka ufike mfupani. Twanga thomu yaani kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi na chumvi, kamulia ndimu, msugue na uingize kwenye zile chale kwa kidole. Mwache nusu saa. Ikune nazi, kamua kasimele, yaani tui la kwanza zito, ulitenge usilichanganye na la pili. Washa makaa, na hapa shangazi ana ukaidi wake, lazima atie vifuu vya nazi juu ya makaa, anasema makaa peke yake hayana harufu. Samaki anachomwa mpaka akauke ngozi, si mpaka aive. Huku sufuriani kasimele liko na bizari ya manjano, thomu kidogo, pilipili na maji ya ukwaju, unakoroga bila kusimama manake tui likiachwa linakatika, unakoroga mpaka lishike kwenye mwiko. Ndio sasa unapaka. Unapaka upande mmoja, unageuza, unapaka tena, tui linadondokea moto linatoa moshi, moshi ule unarudi kwa samaki, unapepea kidogo na kipepeo, unapaka tena. Mara nne au tano. Ukipaka mara moja ukamtoa umekula samaki wa kuchoma mwenye mchuzi, si wa kupaka.

Mara ya mwisho niliuliza kwa nini asimwagie tui lote tu yaishe. "Ndoo ukae hapa ukoroge, maneno mengi," akanijibu, na ndoo yake ni njoo.

Wali wa nazi, kachumbari, achari ya embe. Basi.

Hatua ya 7: Ukiamua hoteli

Hamna ubaya, jioni pale pwani ya Shela au mjini ukiangalia maji ni raha yake. Ila usiombe menyu. Muulize mhudumu "Leo kimeingia nini?" Akikujibu bila kufikiri "vyote viko", angalia pembeni nenda kwengine. Akikwambia leo kuna kolekole na ngisi tu, kaa hapo hapo.

Na agiza mapema. Pwani chakula kinapikwa ukishaagiza na samaki mzima anataka muda, kwa hio pita saa tisa useme utakuja saa mbili usiku wawili, changu wa kuchoma na kamba wa nazi. Hao kamba wakubwa wengi wanatoka upande wa Kipini na Ngomeni, ghuba ya Ungwana, wazuri sana.

Kambamawe sasa. Mwaka wangu wa kwanza wa tamasha nilikaa pahala fulani, sipataji, nikaagiza kambamawe bila kuuliza bei sababu nilikuwa na marafiki na niliona haya. Tulingoja masaa mawili, akaja mdogo na mkavu, na bili ilipokuja kumbe bei ya kwenye karatasi ilikuwa ya kila gramu mia, si ya sahani. Nililipa nusu kwa M-Pesa nusu nikakopa pale pale mezani. Tangu siku hio nina utaratibu: aletwe akiwa mzima, apimwe mbele yangu, tukubaliane bei kabla hajaingia jikoni. Asiekubali hilo tumuache na kambamawe wake.

Hatua ya 8: Siku yenyewe ya tamasha

Mashindano ya mashua usiyaangalie na tumbo tupu wala usikae gatini katikati ya watu ukiona migongo tu. Changeni watu sita saba mkodi mashua yenu, mkae pembeni ya njia yao. Utaona vijana wamening'inia ubavuni kuizuia isipinduke, tanga limejaa, na wakifika pa kubisha, yaani kurudi kinyume na upepo, nahodha anapiga kelele moja na wote wanahama upande kwa pamoja. Hapo ndipo watu wanaposhinda au kushindwa mbio, si kwenye spidi. Beba viazi karai na kachri na maji mengi, kofia usisahau.

Mbio za punda zinapita ukingo wa pwani pale pale mjini, simama nyuma ya ukuta au barazani, punda hana breki na kijana aliepanda hana hatamu ya maana.

Usiku ndio kula kwenyewe. Zunguka Mkunguni na Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, taratibu, usishibe pahala pamoja. Anza na supu ya pweza kikombe kimoja, kamulia ndimu, halafu samaki wa kukaanga na mkate wa mofa wa moto, mishkaki kama bado unayo nafasi, juisi ya ukwaju, umalize na kahawa chungu na haluwa ukikaa barazani na wazee wa bao. Angalia foleni ya wenyeji, kule akina mama wa mtaani wanakotuma watoto na sahani ndiko mafuta yamebadilishwa. Pombe usiitafute mjini, ni mji wa Waislamu, mambo hayo yako hoteli chache na huko huko yabaki.

Mabega na magoti funika ukiwa mjini, mume kwa mke. Joto ndio, lakini kanzu na leso zinapitisha upepo kuliko hio jinzi.

Hatua ya 9: Kurudi

Boti za kuvuka Mokowe zinaanza alfajiri, wahi manake basi halikungoji. Ukitaka zawadi chukua haluwa, achari na ng'onda wa papa, yaani papa mkavu. Ng'onda mfunge kwa gazeti mara tatu, halafu ndani ya kikapu, halafu kikapu kiende chini ya basi na mizigo mengine, usikae nacho miguuni. Kule Garsen wakifungua milango hewa ikaingia, abiria wote wataanza kuangaliana, na wewe utajifanya umelala.